Laini Yenye Jina Langu

Kwa miaka minne watu wa soko letu walimwita mdogo wangu kwa jina langu, na hakuwahi kuwakosoa. Ukinunua mayai kwake ukalipa kwa M-Pesa, ujumbe uliorudi kwenye simu yako ulisema pesa zimenifikia mimi, majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Wateja wakazoea. Krismasi moja nikiwa ocha, mama mmoja muuza nyanya alisikia nikiitwa, akageuka akaniangalia juu mpaka chini. "Kwani mko wawili?" Tulicheka sana siku hiyo. Mdogo wangu alicheka kutushinda wote.

Laini yenyewe ilianza kama zawadi. Mwisho wa 2019 alimaliza Fom Foo akiwa na miaka 17. Hakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho husajiliwi laini. Mimi nilikuwa Nairobi, nimeajiriwa duka la vipodozi katikati ya jiji, naishi Pipeline, najiona mtu. Januari nikamnunulia kabambe na laini mpya, nikaisajili kwa kitambulisho changu, nikaipakia kwa gari za Wote ifike nyumbani Makueni. Nikamwambia akipata kitambulisho chake tutabadilisha. Alikipata mwaka uliofuata. Hatukubadilisha. Mimi niko huku, yeye yuko kule, na laini inafanya kazi. Kitu kikifanya kazi, nani hukigusa?

Na ilifanya kazi kweli. Alianza na kuku sita wa Mwaitu, waliokuwa wakitaga vichakani na mayai kuliwa na mbwa wa jirani. Akawajengea kibanda. Akaanza kuuza mayai, kisha vifaranga, kisha akaomba kipande cha shamba, matuta mawili ya juu, akapanda ndengu zake mwenyewe. Kila shilingi ilipita kwenye ile laini. Kila shilingi pia aliiandika kwa daftari la hesabu lililobaki shuleni, kurasa za nyuma, tarehe upande wa kushoto na jina la mteja upande wa kulia.

Mimi wakati huo nilikuwa naandika historia ya aina nyingine.

Corona ilipoingia Machi 2020 duka letu lilikokota miguu miezi mitatu, kisha likafunga. Landlodi hakufunga. Wengi wenu mnaijua hadithi iliyofuata, kwa sababu tulikuwa wengi. Unapakua apu ya kwanza, unapewa shilingi 500. Unalipa, unapewa 1,500. Unaona limiti ikipanda unafikiri unapendwa. Apu ya pili unaichukua kulipa ya kwanza, ya tatu kulipa ya pili. Siku moja huna cha kulipa yeyote, na simu zinaanza. Apu moja ilimpigia Mwaitu, ikamwambia binti yake ni mwizi. Mwaitu hakuniuliza. Alinipigia jioni akaniuliza kama nimekula.

Zile apu zilizopiga kelele nilizilipa mojamoja, kwa aibu. Lakini kulikuwa na mkopo mwingine wa kwenye simu, wa benki, shilingi 6,200, niliouchukua mapema 2021. Benki haikumpigia mtu. Ilinitumia jumbe tatu za heshima, kisha ikanyamaza. Nikadhani kunyamaza ni kusahau. Nilipata kazi nyingine, maisha yakaendelea, na nikiambiwa watu wamewekwa CRB nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mafuriko ya nchi nyingine. Novemba 2022 Benki Kuu ilianzisha mpango wa kusamehe watu angalau nusu ya madeni kama hayo ili wasafishe majina yao. Ilitangazwa kila mahali. Mimi nilibadilisha stesheni.

Januari 2024 mdogo wangu alinipigia saa tatu usiku, wakati ambao hupigi simu ya salamu.

"Sistee, kuna ndengu."

Ninyi mliozaliwa mjini niwaeleze. Kwetu Makueni mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba mpaka Disemba. Unapanda ndengu mvua ikianza, na Januari unavuna. Ni zao la watu wenye haraka, miezi mitatu hivi na uko na kitu mkononi. Mvua ya mwisho wa 2022 ilikuwa imegoma, ikiwa ni misimu mitano mfululizo ya ukame. Mwisho wa 2023 ikaja ya El Nino, ikabeba madaraja na nyumba za watu, lakini kwa matuta yetu ya mlimani ilileta mavuno ambayo hatukuwa tumeyaona tangu mdogo wangu amalize shule.

Shida ni kwamba Januari pia ni mwezi wa karo. Kila nyumba ina ndengu na kila nyumba ina mtoto wa kurudi shule, kwa hivyo kila nyumba inauza wiki hiyohiyo. Mabroka wanajua. Wanakuja na Probox na mizani yao, ile ambayo mshale wake hauko sawa tangu zamani, na wanataja bei wakiwa bado hawajashuka kwenye gari. Mwaka huo kijijini kwetu ilikuwa shilingi 55 kwa kilo. Ikifika Mei au Juni maghala yakiwa matupu, watu walewale waliouza wanarudi sokoni kununua za kula kwa 90, kwa 100.

Mdogo wangu alikuwa ameyaandika haya yote kwa daftari. Misimu yote, bei ya Januari na bei ya Juni. Alinisomea kwa simu kama mtu anayesoma Biblia.

"Nataka kununua gunia kumi za majirani. Nitawapa 60, sitawanyonya. Gunia ni kilo 90. Hiyo ni elfu 54. Magunia ya PICS, yale ya nailoni mbili ndani, kumi ni elfu mbili na mia tano. Haziingii wadudu. Nitaziweka kwa chumba cha susu mpaka Juni. Niko na elfu 17. Nimepungukiwa na elfu 40."

Nikamuuliza kwa nini asikope kwenye simu kwanza, hata kidogo.

"Nimejaribu mara tatu. Inaniambia sistahili. Sijui ni nini wanaona kwangu."

Nilikuwa nimeketi kitandani. Nakumbuka jinsi taa ya ploti jirani ilivyokuwa inapepesa. Nilijua. Sio kwamba nilishuku, nilijua papo hapo: laini ni ya kitambulisho changu, na kitambulisho changu kina deni. Mashine ilikuwa inamwangalia yeye na kuniona mimi.

Nikamwambia, "Hizo simu ni za ovyo. Nitakuja wikendi twende benki."

Ijumaa ya wiki iliyofuata tuliingia tawi moja la benki pale Wote. Alikuwa amevaa nguo ya kanisa na amebeba daftari ndani ya bahasha ya kaki. Afisa wa mikopo alikuwa msichana wa rika letu, na aliposikia lafudhi yetu akaingia Kikamba moja kwa moja. Sina neno baya la kusema juu yake. Alisikiza mpango wote. Alilifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu za bei, akasema hajawahi kuona mteja aliyejipanga hivi. Kisha akaanza kuuliza maswali aliyopaswa kuuliza.

Kuna hati ya shamba? Ipo, lakini iko kwa jina la babu, aliyefariki kabla mdogo wangu hajaanza shule. Urithi haujawahi kufanywa. Sheria ya urithi inayotumika Kenya tangu 1981 haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, na Katiba ya 2010 inakataza kabisa mila inayombagua mwanamke kwa mambo ya ardhi. Hayo ni ya Nairobi. Nyumbani, mara ya mwisho Mwaitu alipogusia urithi, baba mdogo alimuuliza kwa upole, akimwagiwa chai, "Sasa hawa wasichana wakiolewa, wataenda na shamba?" Hakuna aliyemjibu. Chai ilikuwa moto.

Karatasi ya mshahara? Hana.

Kuku je, nikauliza mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba tangu 2017 kuna sheria inayokubali mali inayohamishika iwe dhamana: mifugo, mashine, hata mazao yaliyo ghalani. Afisa akatabasamu. "Sheria iko, dada. Lakini kuku akikufa, nitampelekea mkubwa wangu manyoya?" Hata mdogo wangu alicheka. Na ndengu zenyewe bado hazijanunuliwa, kwa hivyo hazingeweza kujidhamini.

"Sawa," afisa akasema, "tuangalie stetimenti ya M-Pesa. Wengi siku hizi tunawapima kwa hiyo."

Hapo mdogo wangu alikaa wima. Hapo ndipo alikuwa amejiandaa. Alitoa kurasa zilizochapwa saiba asubuhi hiyo, kumi bob kila moja, miezi sita ya pesa kuingia na kutoka: mayai, vifaranga, chakula cha kuku, mayai, mayai, ndengu. Ilikuwa stetimenti nzuri. Afisa aliipitia ukurasa kwa ukurasa, akarudi ule wa kwanza.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Jina?"

Kimya kidogo. "Laini ilisajiliwa na sistee. Nilikuwa sina kitambulisho."

"Kwa hivyo biashara ni yako lakini kwa karatasi ni yake." Akaigeuza kalamu mkononi. "Kwa karatasi, wewe huna historia yoyote. Umefungua macho leo. Lakini kuna njia. Dada yako ako hapa. Anaweza kuomba yeye, historia ni yake. Ama awe mdhamini wako. Nikipewa ruhusa naangalia jina lake sasa hivi, dakika mbili."

Wote wawili waliniangalia. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeona mlango umefunguka.

Ningesema hapana. Ningesema tutarudi. Nilitoa kitambulisho nikakiweka mezani, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu. Afisa aliandika namba, akasubiri, akasoma. Hakusema kitu kwa sauti. Aliigeuza skrini kidogo, upande wangu tu, kama daktari mwenye adabu. 6,200 ilikuwa imezaa. Sasa ilikuwa 9,000 na zaidi.

"Mtarudi mkishalimaliza hili," akasema.

Nje kuna mwarobaini na chini yake mama anauza chai. Tuliagiza chai na mandazi, na nikamwambia. Nikamwambia ni mwaka gani, ni pesa ngapi, na kwamba nilijua tangu ile usiku aliponipigia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Alisikiza akiwa anakunja kona ya ile bahasha ya kaki, anaikunjua, anaikunja.

Nilitarajia hasira. Alichosema ni hiki: "Kwa hivyo wakati huo wote haikuwa mimi."

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Nilidhani kuna kitu nakosea. Nilipunguza kuweka kwa simu, nikadhani naweka vibaya. Nikaongeza. Nikaacha kutoa pesa jioni, kwa sababu mtu aliniambia mashine haipendi mtu anayetoa jioni. Miaka miwili, sistee. Nilikuwa natafuta kosa langu."

Mandazi yangu sikuyamaliza.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo kuhusu jinsi tunavyojisifu na pesa za simu. Na tuna haki ya kujisifu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ilifanya mwanamke wa kijiji chetu apokee pesa bila kupanda gari kwenda posta. M-Shwari ikaja Novemba 2012, mkopo bila fomu na bila dhamana. Fuliza ikafuata 2019. Lakini mikopo hii iliundwa ikimfikiria mtu anayepata pesa kila siku au kila mwisho wa mwezi, mtu kama mimi. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa mwenye duka anayezungusha mzigo kila wiki, hiyo inabebeka. Kwa mtu wa ndengu, mwezi mmoja ni maua tu. Hazina ya Hasla ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 mdogo wangu alifurahi, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, mkopo ni kuanzia shilingi 500 mpaka 50,000. Kisha akasikia muda wa kulipa ni siku 14. Alisema hakuna ndengu duniani inayoiva kwa siku 14, na kuku aliyelalia mayai anahitaji 21.

Na nimefikiria kuhusu majina. Ni wasichana wangapi wanauza maziwa, mayai, sukuma, miche, na pesa zao zinaingia kwa laini ya kaka, ya mume, ya baba, ya dada aliye Nairobi? Kazi ni yao, historia inaandikwa kwa mwingine. Na huyo mwingine akikopa akatoroka, wao ndio wanakutana na mlango uliofungwa bila kujua nani aliufunga. Nilikuwa nikidhani ubaguzi wa pesa ni baba mdogo na maneno yake ya shamba. Sikujua unaweza kuwa dada mwenye mapenzi, anayetuma simu kwa gari za Wote.

Aliyemwokoa msimu huo ni chama cha Mwaitu.

Ukambani tulikuwa na mwethya kabla ya mtu kusikia neno benki. Wanawake wanakusanyika, wanalima kwa huyu leo na kwa yule kesho. Yale matuta ya fanya juu unayoyaona ukipita milima ya Machakos na Makueni, mengi yalichimbwa na mwethya, jembe kwa jembe. Chama cha Mwaitu ni mtoto wa hiyo mwethya. Wako 18, wanakutana Alhamisi ya pili, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa nyumba tatu. Hawaulizi hati. Wanajua kwenu, wanajua kuku wako wangapi, wanajua kama mvua ilinyesha upande wako wa mlima. Walimpa mdogo wangu shilingi 15,000 alipe Juni ndengu zikiuzwa, na riba ya 1,500. Mama mmoja aliuliza kama msichana ana mpango wa kuolewa kabla ya Juni. Mwaitu akamjibu ndengu hazina mchumba.

Walitaka kumpa zaidi. Hazikuwepo. Ilikuwa Januari, na kila mama kwenye duara hilo alikuwa na karo. Hapo ndipo chama hufika mwisho wa kamba yake: watu wa kijiji kimoja wanahitaji pesa siku moja, na mvua ikigoma inagoma kwa wote. Benki inaweza kuchukua pesa za mwalimu wa Kisumu ikakopesha ndengu za Makueni. Sanduku la kufuli tatu haliwezi.

Kwa hivyo alinunua gunia tano badala ya kumi. Kilo 450 kwa 60, elfu 27. Aliziweka kwa chumba cha susu, akazifunga zile nailoni mbili mojamoja kama alivyofundishwa, na kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda kuzigusa. Juni akauza kwa 92. Shilingi 41,400. Alipotoa kila kitu, riba ya chama na boda, alibaki na faida ya elfu kumi na moja hivi.

Gunia zingine tano zilienda na Probox kwa 55. Kwa bei ya Juni zingemwachia zaidi ya elfu 13 kabla ya gharama ndogondogo. Hiyo hesabu nimeifanya mara nyingi kuliko inavyofaa. Deni langu la 6,200, nililolisahau kwa sababu hakuna aliyenipigia, lilimgharimu yeye mara mbili yake, kwa msimu mmoja tu. Na majirani watano waliouza kwa 55 badala ya 60 hawajui hata kwamba nimo kwenye hadithi yao.

Nililipa deni kwa miezi minne. Nilipewa barua ya kuonyesha nimemaliza. Afisa wa CRB aliniambia jina halifutiki siku hiyo. Utaonekana umelipa, lakini kumbukumbu ya kwamba ulichelewa hubaki miaka mitano. Aliniambia pia kwamba kila Mkenya ana haki ya kuona ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Nimekuwa nikiwaambia wasichana wa kazini. Wengi wananiangalia kama mtu aliyeokoka jana. Wawili wameangalia. Mmoja alikuta mkopo ambao hakuwahi kuuchukua, wa laini aliyomsajilia mpenzi wake wa chuo.

Agosti nilienda nyumbani, na safari hii sikungoja Krismasi. Tulienda Wote sote wawili, vitambulisho mkononi, tukabadilisha laini iwe yake. Kijana wa dukani alitueleza kwamba namba itabaki ileile lakini mambo ya mikopo yanaanza upya, kama mtu aliyesajiliwa leo. Niliona aibu ikinipanda tena. Miaka minne ya mayai, na mashine inamwona kama amezaliwa asubuhi hiyo. Mdogo wangu aliinua mabega. "Si angalau nitakuwa nazaliwa na jina langu," akasema, akaweka sahihi.

Sasa hivi hana mkopo wa benki. Napenda kuwaambia ukweli huo kwa sababu hadithi hizi hupenda kuishia mtu akikabidhiwa hundi kubwa ya kadibodi. Ana stetimenti mpya inayokua. Chama kimejisajili rasmi ili kiombe Hazina ya Wanawake, ile iliyoanza 2007 ya kukopesha kupitia vikundi, na karani wa chama ni yeye, kwa sababu ya daftari. Mwaitu ameanza mambo ya urithi kwa chifu, pole pole. Baba mdogo hajakataa. Hajakubali pia. Anakunywa chai.

Jioni ya ile siku tuliyobadilisha laini nilikuwa kwa gari nikirudi Nairobi, tumefika Salama, watu wanashuka kununua mahindi ya kuchoma. Nikakumbuka sikumwachia pesa ya chai. Nikaingia M-Pesa, nikaandika ile namba ninayoijua kwa kichwa, shilingi 300, nikabonyeza. Simu ikaniuliza, kama inavyouliza siku zote, kama nataka kweli kumtumia mtu fulani. Kwa mara ya kwanza haikuniandikia jina langu. Yalikuwa majina matatu, la kwanza lile alilopewa na susu, ambalo shuleni walizoea kulikosea.

Nilikaa na hiyo skrini mpaka dereva akapiga honi watu warudi ndani. Kisha nikatuma. Baada ya dakika moja akajibu.

"Hizi ni za nini? Nimeziandika kwa daftari kama mkopo. Utanilipa riba."